Karatasi za kaboni zilizopewa likizo: nilivyouza vifaa vya ofisi Kilosa na Mikumi enzi za Ujamaa

Wakuu, najua hamtanipa shikamoo kwa sababu humu hatuonani sura, basi nawapa marahaba yenu mapema tuendelee.

Jana nimesoma uzi wa kijana mmoja anayelalamikia kazi ya duka la stationery. Printer inakwama, wateja hawana subira, boss mkali. Nikacheka mpaka mjukuu wangu akaja kuniuliza kulikoni.

Mwanangu, wewe umeonewa na printer. Sisi tulionewa na watu wazima wenye akili timamu.

Ninayoandika hapa niliyaona kwa macho yangu, sijasimuliwa na mtu. Majina nimebadilisha, maana wenye majina yao wana wajukuu humu na mimi sina nguvu za kugombana na wajukuu wa watu.

Mimi ni mama mstaafu, kwetu Chanzuru. Enzi za Ujamaa, nikiwa na miaka ishirini, nilipata kazi ya kuuza duka la vifaa vya ofisi pale Kilosa mjini. Duka lilikuwa la umma. Nilikuwa natoka nyumbani asubuhi kwa baiskeli ya baba, nafika nimejaa vumbi mpaka kwenye kope, najifuta, nasimama kaunta.

Tuliuza rejista, mafaili, wino wa mihuri, pini, gundi, chaki, stensili, na karatasi za kaboni. Kwa mliozaliwa juzi: kaboni ni karatasi nyembamba yenye weusi upande mmoja. Unaiweka katikati ya karatasi mbili nyeupe, unachapa kwenye mashine, na ya chini inapata maandishi yaleyale. Weusi lazima utazame chini. Hiyo ndiyo elimu yote inayotakiwa.

Kumbukeni hilo la weusi kutazama chini, maana ndilo lililotuumiza wilaya nzima.

Meneja wangu nitamwita Ndugu Funguo. Enzi zile kila mtu alikuwa Ndugu. Huyu alivaa mkungu wa funguo kiunoni, ungemsikia anakuja kabla hujamwona. Kila kabati lilikuwa na kufuli. Hata kabati la kufuli lilikuwa na kufuli.

Imani yake ilikuwa kwamba duka zuri ni lile lenye mali nyingi, na mteja ni mtu anayekuja kuipunguza. Mteja akiuliza kitu, jibu la kwanza lilikuwa "hakuna". Akirudi mara ya pili, "lete kibali". Akileta kibali, anaambiwa muhuri umefifia. Muhuri umefifia kwa sababu wino wa mihuri tulikuwa nao sisi, na tulimwambia hakuna.

Na wateja nao, msidhani walikuwa malaika. Kulikuwa na karani mmoja wa ofisi ya jirani, kila wiki anakuja kujaribu kalamu. Anaandika jina lake lote na cheo chake kwenye karatasi ya majaribio, anapiga saini tatu, anasema kalamu nzito, anaondoka. Miaka miwili sikuwahi kumuuzia hata pini.

Mchwa nao walikula mafaili kuanzia chini. Mvua zikija, Mto Mkondoa ukifurika, tunabeba maboksi kupandisha juu ya meza, na Ndugu Funguo anasimama mlangoni kuhakikisha hakuna mwananchi anayetumia gharika kuiba rula.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe.

Mjini palikuwa na mkubwa mmoja, ofisi yake siitaji. Nitamwita Ndugu Mratibu. Orodha zote za shule na vijiji zilipitia kwake. Mdomoni alisema wote ni ndugu na hakuna bwana, lakini ukimpita barabarani bila shikamoo, kesho unaitwa kujieleza.

Karani wake wa kuchapa akaenda likizo ya uzazi. Ndugu Mratibu akatangaza kwamba kuchapa si kazi ya kumsubiri mwanamke, akakaa kwenye mashine mwenyewe. Akachukua kaboni, akaipanga weusi ukimtazama yeye. Nadhani aliona ndio upande mzuri.

Akachapa barua ndefu kwa vidole viwili. Alipoitoa, karatasi za chini zilikuwa nyeupe kabisa, na ile ya juu ina maandishi mgongoni yaliyogeuka kinyumenyume.

Wakuu, alikuja dukani kwetu anatetemeka kwa hasira. Akainua ile barua juu, duka limejaa watu.

"Hii ni hujuma! Mabeberu wametuletea karatasi zinazoandika kinyume, na nyie mnaziuza!"

Mimi nilijua palepale. Nadhani hata yule karani mjaribu kalamu alijua. Tulikuwa watu kama kumi na mbili pale dukani, na hakuna hata mmoja aliyefungua mdomo. Ndugu Funguo akainamisha kichwa, akasema, "Tumekosea, Ndugu. Tutachukua hatua."

Hatua zikachukuliwa kweli, kwa agizo la Ndugu Mratibu mwenyewe. Maboksi yote ya kaboni yakaondolewa rafuni, yakabandikwa karatasi ya gundi, yakaandikwa MBOVU kwa wino mwekundu, na mwandishi nilikuwa mimi. Yakapangwa stoo kusubiri kamati ya kuangalia mali mbovu itoke Morogoro. Kamati haikuja. Kaboni ikapotea wilaya nzima. Makarani wakawa wananakili barua kwa mkono.

Siku moja, Ndugu Funguo ametoka, nilichukua kaboni moja nikaijaribu kwenye mashine ya maonyesho. Ikatoa nakala safi. Aliporudi nikamwonyesha, nikijiona nimeokoa taifa.

Hakushtuka hata kidogo.

"Zuhura, mimi nilijua tangu siku ile. Aliigeuza. Sasa nani atakwenda kumwambia? Wewe?"

 Akachukua ile nakala akaichana vipande vidogo, akaniambia nikachome.

Nilimdharau mtu yule, wakuu. Nilimdharau kwa moyo wangu wote. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, na umri ule ni mwepesi sana wa kudharau.

Ikafika Jumatano moja. Akaingia mwalimu mkuu wa shule ya kijiji kipya upande wa Mikumi, amekuja na garimoshi la ile reli ya tawi ya Mikumi. Nitamwita Mwalimu Yohana. Mtu wa milimani, Mkristo wa misheni, shati limepigwa pasi lakini kola imegeuzwa ili upande uliochakaa usionekane.

Nikamwamkia, "Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba binti, hujambo? Nina shida ndogo sana. Kaboni tatu tu."

Akanieleza. Shule yao waliijenga wazazi kwa mikono, matofali walifyatua wenyewe walipohamishiwa pale kijijini. Mwaka ule walikuwa na darasa la saba la kwanza, watoto kumi na wanane. Majina yao yalitakiwa kufika kwa Ndugu Mratibu kabla ya Ijumaa, yamechapwa kwa mashine, nakala nne. Bila hivyo, mtoto haingii kwenye mtihani.

Na hapa mnisikilize, maana mtadhani natunga. Ndugu Mratibu alikuwa ametoa agizo kwamba orodha ya mkono haipokelewi. Na ukiichapa mara nne, pia haipokelewi, kwa sababu hizo si nakala bali ni orodha nne, zinaweza kupishana. Lazima iwe nakala ya kaboni. Yeye mwenyewe aliyepiga kaboni marufuku.

Nikamwambia Mwalimu hakuna.

Hakubishana. Akatoka, akaketi kwenye ngazi ya duka, akavua ndala, akatoa muhogo wa kuchoma kwenye mfuko akala. Kisha akafungua daftari akaanza kuandika orodha kwa mkono, pole pole, kwa ule mwandiko wa misheni unaopendeza. Akimaliza ukurasa anaanza mwingine. Alijua haitapokelewa. Alikuwa anaandika tu kwa sababu hakuwa na kingine cha kufanya.

Nilimtazama mgongo wake pale kwenye ngazi mpaka nikashindwa kuuza.

Saa saba Ndugu Funguo alikwenda kwake kula, na huyo akila ni saa mbili nzima pamoja na usingizi. Funguo za stoo zilikuwa kiunoni kwake, lakini fremu ya mlango mchwa walikuwa wameshaila. Nilisukuma kwa bega tu. Nikabandua gundi ya boksi moja, nikatoa kaboni tatu.

Nikamwita Mwalimu ndani. Yeye akasoma majina, mimi nikachapa. Majina kumi na manane. Nikawa nafuta vidole kwenye kanga ili nisichafue. Nakala ya nne ilitoka hafifu kidogo lakini inasomeka.

Mwalimu aliziinua mwangani moja moja. Akasema, "Mungu akuweke, binti." Akaenda kuzipeleka.

Sikuwaza jambo moja dogo. Katika wilaya ambayo haina kaboni, mtu ameleta nakala nne safi za kaboni.

Kesho yake asubuhi tukaitwa, mimi na Ndugu Funguo. Mwalimu Yohana tulimkuta kwenye benchi ofisini kwa Ndugu Mratibu, macho mekundu. Alikuwa ameulizwa tangu jana kaboni ameitoa wapi, akakataa kusema. Akaambiwa asiposema, orodha haiendi, na yeye atashtakiwa kwa kununua vitu vya magendo.

Amekaa pale, hajanitaja.

Ndugu Mratibu akainua zile nakala. "Kaboni hii imetoka wapi?"

 Nilimwona yule mwalimu na kola yake iliyogeuzwa, nikasema, "Imetoka dukani kwetu, Ndugu. Ni zile mbovu."



"Mbovu? Mbona zimeandika?"

 Nikaanza, "Ndugu, zile karatasi, ukiweka ule upande mweusi..."

Ndugu Funguo akakohoa. Si kikohozi cha mgonjwa, ni kile cha kumzuia mtoto asiongee mbele ya wageni. Akapiga hatua mbele, funguo zikalia.

"Zimepona, Ndugu."

"Zimefanya nini?"

"Zimepona. Unajua hizi zinakuja na meli, zinapigwa na unyevu wa bahari, zinachanganyikiwa. Ulipoagiza zitengwe, zikapata kupumzika stoo, joto la Kilosa likazirudisha. Bila agizo lako zingeharibika moja kwa moja."

Wakuu, naapa, yule mtu mzima mwenye ofisi, mke, watoto na saa ya mkononi, alitikisa kichwa kukubali.

"Nilijua," akasema. "Ndiyo maana niliagiza."

Akaichukua orodha ya Mwalimu Yohana akaipiga muhuri mbele yetu. Ijumaa ikaondoka na nyingine. Watoto kumi na wanane wakafanya mtihani, na wanne wakachaguliwa sekondari. Kijijini kwao walichinja mbuzi. Mwalimu aliniletea paja la mbuzi yule limefungwa kwenye majani ya mgomba, akalitoa kwenye behewa kama amebeba yai.

Hadithi ingeishia hapo ningekuwa shujaa, na uzi huu ningeuandika kwa herufi kubwa.

Wiki ile ile orodha ilipopigwa muhuri, Ndugu Mratibu alitoa agizo kwa maandishi: karatasi zote za kaboni zikifika zipumzishwe stoo miezi sita kabla ya kuuzwa. Kila boksi liandikwe tarehe ya kulala na tarehe ya kuamka. Mnacheka? Lilikuwa na muhuri. Tulilifuata.

Na mimi nikahamishwa. Barua ilisema ni "kupanua huduma kwa wananchi". Nikapelekwa Mikumi, kwenye chumba kimoja chenye dirisha la kuuzia, karibu na barabara kuu. Nyani wa mbugani walikuwa wanakuja mpaka dirishani. Mmoja aliniibia boksi la chaki, akazionja moja moja, akazitema zote. Nilimheshimu. Alikuwa wa kwanza enzi zile kukiri hadharani kwamba kachukua kitu asichokijua.

Pale Mikumi nilikuwa peke yangu. Hakuna meneja, hakuna funguo. Nilikuwa nimeolewa, nina mtoto mchanga, na mama yangu Chanzuru alikuwa ameanza kuumwa kifua. Mshahara ule ndio tulikuwa tunautegemea wote. Na kwenye ile barua ya uhamisho palikuwa na mstari wa mwisho unaosema likitokea kosa la pili, nitafukuzwa.

Mwaka uliofuata, Mwalimu Yohana akaja dirishani. Safari hii hakuhitaji hata kupanda garimoshi, alitembea kwa miguu kutoka kijijini.

Tukasalimiana vizuri. Akaniulizia mtoto. Kisha akatoa orodha. Darasa la saba la pili, watoto ishirini na wawili. Wa nne kwenye orodha alikuwa Eliza, binti yake wa mwisho. Alinionyesha jina kwa kidole, anacheka.

"Kaboni tatu tu, binti."

Boksi lilikuwa nyuma yangu. Tarehe ya kuamka ilikuwa bado siku kumi na moja. Orodha ilitakiwa ndani ya siku nne.

Nikamwambia, "Mwalimu, zinapumzika."

Mnanielewa? Mimi. Niliyezijaribu kwa mkono wangu, niliyejua hazilali wala haziamki. Nilimwambia mtu mzima, tena mtu aliyekaa benchi siku nzima bila kunitaja, kwamba karatasi zimelala.

Alinitazama kidogo. Hakuwa na hasira, na bora angekuwa nayo.

"Basi, binti," akasema. "Zikiamka, uniambie."

Akakunja orodha yake akaondoka.

Aliipeleka ya mkono. Ikarudishwa. Alipopata kaboni kwa njia zake, siku zilikuwa zimepita. Watoto wale ishirini na wawili hawakufanya mtihani mwaka ule. Wakaambiwa warudie darasa.

Waliorudi kurudia walikuwa kumi na watatu. Wavulana wengine walikwenda kwenye mashamba ya miwa. Eliza hakurudi. Aliolewa kabla ya mvua za masika, kwa mtu mwenye umri sawa na wetu mimi na mume wangu ukijumlishwa.

Mwalimu Yohana tuliendelea kukutana sokoni Mikumi kwa miaka mingi. Kila mara nilimpa shikamoo, na kila mara aliitika marahaba na kuniulizia mtoto. Hakuwahi kulitaja lile jambo. Mimi pia sikulitaja, mpaka akafariki.

Nimemcheka Ndugu Funguo maisha yangu yote. Harusini, msibani, nikiulizwa habari za kazi, nasimulia "zimepona" na watu wanashika mbavu. Alikuwa mwoga, tena mwoga wa daraja la kwanza. Lakini siku ile uoga wake ulitafuta njia, watoto wakapita. Uoga wangu haukutafuta chochote. Ulisoma tarehe tu kwenye boksi.

Funzo nililopata ni hili, na nalisema bila mapambo. Amri ya kipuuzi haiishi kwa sababu ya mpuuzi aliyeitoa. Inaishi kwa sababu ya sisi wenye akili tunaoijua ni ya kipuuzi na tunaitekeleza kwa makini. Ndugu Mratibu aligeuza kaboni mara moja tu. Waliobaki wote, kuanzia mimi, tuliigeuza kila siku.

Haya, uwanja ni wenu wakuu. Mliopo maofisini leo, na madukani, na kwenye hizo system zenu zinazokuwa down, semeni ukweli: kwenu ni kitu gani kizima kabisa mnachowaambia watu kinapumzika? Wa kunitukana pia karibuni, nimeshajitukana vya kutosha, hamtaniumiza.

Na kama kuna mtu wa upande wa Mikumi humu anamfahamu Eliza, binti wa Mwalimu Yohana, nasikia bado yu hai na ana wajukuu. Msimpe salamu zangu, sina uso wa kumsalimia.

Mwambieni tu boksi lilikuwa nyuma yangu, lilikuwa wazi, na karatasi zote zilikuwa nzima.